Mlipuko Mkuu ulitokea upande gani wa anga?

Swali: "Jambo, papa mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Majengo, hapa Goma. Binti yangu wa sekondari amefundishwa kwamba ulimwengu ulianza kwa Mlipuko Mkuu, na kwamba galaksi zote zinatukimbia. Sisi hapa mlipuko tunaujua. Mwaka 2002 nilikimbia na mtoto mgongoni, mwaka 2021 tukakimbia tena hadi Sake, na mara zote mbili ningeweza kukuonyesha kwa kidole moto unatoka wapi. Sasa mtoto ananiuliza: mama, huo Mlipuko Mkuu ulitokea upande gani wa anga? Na kama galaksi zote zinatukimbia, basi sisi ndio tuko katikati? Nimekosa la kumjibu."

Jibu:

Mama, mwambie ulitokea hapa. Hapa Majengo, penye baraza ya nyumba yenu. Ulitokea pia Bukavu, ulitokea pale ulipo mwezi, ulitokea kwenye galaksi (yaani kundi kubwa mno la nyota) ya mbali kuliko zote zilizowahi kupigwa picha. Hakuna upande wa anga anaoweza kuunyooshea kidole akauacha mwingine. Najua hilo linasikika kama jibu la mtu anayekwepa swali, kwa hiyo nitakwenda polepole, maana mtoto aliyeuliza hivi anastahili kujibiwa hadi aridhike.

Kinachotupoteza ni lile neno. Mtu wa Goma akisikia "mlipuko" anaona Nyiragongo: kuna mlima, kuna shimo, kuna lava inayotoka hapo na kushuka hadi Munigi, hadi Buhene, hadi ziwani. Moto una mahali unapotoka na mahali unapokwenda. Aliyelitoa jina hilo ni Fred Hoyle, mwanaastronomia wa Uingereza, aliyelitamka kwenye redio ya BBC mwaka 1949 akieleza nadharia ambayo yeye mwenyewe hakuikubali. Jina likanasa, likatafsiriwa lugha kwa lugha, nasi likatufikia kama Mlipuko Mkuu. Darasani nalitumia kwa sababu vitabu vinalitumia, lakini siku ya kwanza huwaomba wanafunzi waliweke kando. Wanachosema wanafizikia ni kwamba zamani vitu vyote vilikuwa vimebanana, kila mahali, katika joto kali mno, halafu nafasi yenyewe ikaanza kutanuka. Haikutanuka kuingia katika uwanja mtupu uliokuwa unangoja nje. Umbali kati ya kitu na kitu ndio uliokua, na unakua hadi leo.

Jaribuni jambo hili nyumbani. Tafuta utepe wa mpira wa ndani wa tairi, kama zile kamba za mpira wanazofungia magunia kwenye chukudu, zile baiskeli zetu za mbao. Gundisha juu yake punje za maharagwe, moja kila baada ya sentimita 5. Chagueni punje moja na kuipa jina la Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu. Wewe shika ncha moja, binti ashike ya pili, mvute hadi utepe ufike urefu mara mbili. Punje ya jirani ilikuwa sentimita 5 kutoka kwenu, sasa iko 10, imesogea 5. Inayofuata ilikuwa 10, sasa iko 20, imesogea 10. Ya tatu imesogea 15. Iliyokuwa mbali zaidi imekimbia zaidi, na hakuna punje hata moja iliyotembea juu ya mpira! Sasa legezeni utepe, chagueni punje nyingine iwe ndiyo nyumbani, mpime upya. Mtapata hesabu ile ile. Kila punje, ukiiuliza, itakuambia kwamba wengine wote wanaikimbia.

Basi hatuko katikati, na hakuna galaksi yoyote iliyo katikati. Anayeishi katika galaksi ya mbali sana anatuona sisi tukikimbia, naye anaweza kumuuliza mama yake swali hili hili.

Mfano wa mpira una mipaka yake, na ni vizuri binti aijue. Mpira una ncha mbili. Ulimwengu haujawahi kuonyesha dalili ya ncha. Halafu angalieni punje zenyewe: hazikutanuka. Ugumu wa haragwe unalishika lisivutike pamoja na mpira. Galaksi nayo inashikwa na uvutano wake, na Dunia vilevile, na mwili wako vilevile, ndiyo maana safari ya boti kutoka hapa hadi Bukavu haiongezeki urefu mwaka hadi mwaka. Hata galaksi jirani hushikana kwa uvutano. Andromeda, jirani yetu mkubwa, inakuja kwetu. Vesto Slipher aliipima mwaka 1912 huko Arizona, Marekani, akakuta inatukaribia kwa kilomita 300 hivi kwa sekunde, ingawa sehemu kubwa ya kasi hiyo ni Jua letu lenyewe likizunguka ndani ya Njia Nyeupe. Kwa hiyo aliyemfundisha kwamba "zote" zinatukimbia amerahisisha kidogo. Zile za mbali, ndiyo, zote.

Lakini tulijuaje kwamba ziko mbali? Hili lilikuwa gumu kuliko kupima kasi. Simama ufukweni usiku uangalie taa za wavuvi wa sambaza. Taa moja inafifia: je, ni taa ndogo iliyo karibu, au kubwa iliyo mbali kule kuelekea Idjwi? Huwezi kusema, mpaka ujue nguvu ya taa yenyewe. Anga lote lilikuwa hivyo kwa wanaastronomia hadi alipotokea Henrietta Leavitt, mwanamke aliyefanya kazi katika kituo cha anga cha Harvard, Marekani. Alichunguza picha za Wingu Dogo la Magellan, zilizopigwa Arequipa nchini Peru, kwa sababu wingu hilo halionekani kabisa kutoka Harvard, kaskazini kule. Ndani yake alifuatilia nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, zinazoitwa sefeidi. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25, kwamba inayochukua siku nyingi kumaliza zamu yake ndiyo yenye mwanga mkubwa zaidi. Nyota hizo zote ziko katika wingu moja, umbali wao kwetu ni karibu sawa, hivyo tofauti ya mwanga aliyoiona ilikuwa tofauti ya kweli. Kuanzia hapo, ukihesabu siku za zamu ya sefeidi, unajua nguvu ya taa. Na ukijua nguvu ya taa, unajua iko umbali gani.

Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka: wingu hilo la Leavitt tunaliona sisi kutoka ufukwe wa Kivu, kwa macho matupu. Nitarudi hapo.

Mwezi wa kumi mwaka 1923, Edwin Hubble, akitumia darubini ya Mount Wilson huko California yenye kioo cha mita 2.5, alipata sefeidi ndani ya Andromeda. Kwenye bamba la picha alikuwa ameandika N, akidhani ni nyota iliyowaka ghafla, akaikata na kuandika "VAR!", yaani inabadilika. Hesabu yake ilimpa miaka ya nuru 900,000 hivi; mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja. Leo tunajua ni milioni 2.5, lakini hata kwa hesabu yake ya kwanza Andromeda ilikuwa nje kabisa ya Njia Nyeupe, ambayo upana wake ni kama miaka ya nuru 100,000. Kabla ya hapo wasomi wengi waliamini Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu wote.

Aliyeunganisha umbali na kasi kwanza alikuwa padri Mbelgiji, Georges Lemaître, profesa wa Louvain. Mwaka 1927 alichukua milinganyo ya Einstein, akachukua na vipimo vya kasi vilivyokuwepo, akaandika kwamba nafasi inatanuka. Aliandika kwa Kifaransa, katika jarida la Brussels ambalo wengi hawakulisoma. Hubble alitoa vipimo vyake kwa Kiingereza mwaka 1929, na sheria hiyo, kwamba galaksi iliyo mbali zaidi inakimbia zaidi, ikaitwa ya Hubble peke yake kwa karibu miaka 90. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipiga kura kwamba iitwe sheria ya Hubble na Lemaître. Nilifurahi sana siku niliposoma habari hiyo. Na kama kuna mtu katika familia anayehofu kwamba mambo haya yanapigana na imani, mwambieni Lemaître alibaki padri hadi kufa kwake, na hakutaka nadharia yake itumiwe kama hoja ya dini, iwe ya kuitetea au ya kuipinga.

Umri wa ulimwengu unatoka humo humo. Kwa kila miaka ya nuru milioni 3.26 ya umbali, kutanuka huongeza kasi ya galaksi kutuacha kwa kilomita 70 hivi kwa sekunde. Iliyo umbali mara kumi ya huo inatuacha kwa kilomita 700. Gawanya umbali kwa kasi, galaksi yoyote ya mbali utakayochukua, na jibu ni lile lile: karibu miaka bilioni 14. Ndio muda ambao umepita tangu vyote vilipokuwa pamoja. Kasi ya kutanuka haikuwa moja siku zote, na ukirekebisha hilo unapata miaka bilioni 13.8. Hubble mwenyewe angepata kama bilioni 2 tu, ilhali wanajiolojia walikuwa tayari wanaipa Dunia umri mkubwa kuliko huo! Kosa lilikuwa kwenye umbali: mwaka 1952 mwanaastronomia Walter Baade alieleza kwamba sefeidi ziko za aina mbili, na zilikuwa zimechanganywa. Hadi leo vipimo havijapatana kikamilifu, wengine wanapata 67 na wengine 73 badala ya 70, na ubishi huo ni mkali. Lakini ni ubishi juu ya kiasi cha kutanuka. Juu ya kutanuka kwenyewe, vipimo vyote viwili vinakubaliana.

Sasa nifike kwenye ushahidi ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu unajibu swali la binti moja kwa moja.

Nyiragongo ikinguruma, sauti inakufikia baada ya kama sekunde 50, maana kilele kiko kilomita 18 hivi kutoka mjini na sauti huenda mita 340 kwa sekunde. Unachosikia kimekwisha kutokea. Nuru nayo ni hivyo, ila ina mbio: kilomita 300,000 kwa sekunde. Kutoka kwenye Jua inatumia dakika 8 na kidogo. Kutoka katikati ya Njia Nyeupe inatumia miaka 26,000 hivi. Nuru inayotufikia leo kutoka huko ilianza safari hata kabla mtu wa kale hajachonga alama zake kwenye ule mfupa wa Ishango, kule kwenye ziwa Edward, unaokadiriwa kuwa na miaka 20,000 hivi. Mwezi wa pili mwaka 1987 nyota ilionekana ikipasuka katika Wingu Kubwa la Magellan, waziwazi kwa macho matupu, upande wa kusini. Ilikuwa imepasuka miaka 160,000 kabla. Basi kuangalia mbali ni kuangalia zamani. Ukizidi kwenda mbali, utafika wakati ambapo kila kitu kilikuwa moto.

Na tumefika. Kwa miaka 380,000 ya mwanzo joto lilikuwa kali kiasi kwamba elektroni, zile chembe ndogo mno za umeme, zilikuwa zinazurura ovyo, na nuru ilikuwa inagongana nazo kila hatua, kama taa za gari ndani ya ukungu mzito wa Masisi. Joto liliposhuka hadi nyuzi 3,000 hivi, elektroni zikatulia ndani ya atomu, ukungu ukafunguka, nuru ikapata njia. Nuru ile inasafiri hadi leo. Kumbuka utepe wa mpira: wimbi la nuru likiwa njiani nalo linavutwa pamoja na nafasi. Limevutwa mara 1,100 hivi, likaacha kuwa nuru ya macho, likawa mawimbi ya mikrowevu, ubaridi wa nyuzi 270 chini ya sifuri.

Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, huko New Jersey, walikuwa wanasumbuliwa na mvumo katika antena yao kubwa. Walielekeza antena huku, mvumo upo. Kule, upo. Mchana, usiku, masika, kiangazi, haubadiliki. Njiwa walikuwa wamejenga ndani ya antena. Wakawaondoa, wakasugua kinyesi chao chote, mvumo ukabaki pale pale. Ilikuwa ile nuru ya kwanza. Lemaître alipata habari hiyo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1966. Wewe mama huenda umeiona bila kujua: zile televisheni za zamani za antena, usipopata stesheni, zilijaa vitone vyeupe vinavyocheza kwa kelele. Sehemu ndogo ya vitone vile, kama asilimia moja, ilitoka huko.

Sasa linganisha. Usiku, wekundu wa Nyiragongo uko kaskazini. Ukigeukia ziwani, hauuoni. Kwa hiyo unasema: moto uko kule. Kama ulimwengu ungeanza kwa mlipuko wa mahali pamoja, mwangaza wake nao ungekuwa upande mmoja wa anga, na upande wa pili baridi. Satelaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, na baadaye Planck, iliyorushwa mwaka 2009, zimepima anga lote. Ukitoa tofauti inayoletwa na mwendo wetu sisi wenyewe, joto la mwangaza ule ni sawa pande zote, hadi tofauti ya sehemu moja katika 100,000. Kaskazini sawa na kusini, juu ya Karisimbi sawa na juu ya Idjwi. Ni kama mtu aliyeamka usiku akakuta wekundu umemzunguka pande zote kwa kiasi kile kile. Hatasema volkano iko upande ule. Atasema yumo ndani yake. Nasi tumo ndani. Mahali hapa palikuwa na moto huo, kama mahali pengine pote.

Tofauti ile ndogo ya sehemu moja katika 100,000 haikupotea bure. Palipokuwa na msongamano kidogo zaidi palivuta gesi ya jirani, pakazidi kusongamana, pakavuta zaidi. Ndipo galaksi zilipoanzia. Darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi mwaka 2021, imeshaona galaksi zilizokuwepo kabla ulimwengu haujatimiza miaka milioni 300.

Binti akisikia mahali kwamba ulimwengu wote ulikuwa kitone kidogo kuliko kichwa cha sindano, mwambie awe mwangalifu. Sehemu tunayoweza kuiona leo ndiyo iliyokuwa imebanwa katika nafasi ndogo namna hiyo. Nje ya kitone hicho kulikuwa na ulimwengu zaidi, nao umebanana vilevile.

Na jiwe jeusi mlilojengea ukuta wa ua linaingia pia katika habari hii. Dakika za mwanzo za ulimwengu zilitoa hidrojeni, kama robo tatu ya uzito wote, na heli, karibu robo, na chembe za lithi. Basi. Lava ya Nyiragongo ina oksijeni, ina silikoni, ina chuma, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotoka kwenye Mlipuko Mkuu. Vilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla Jua letu halijazaliwa. Mama aliyeulizwa mlipuko ulitokea wapi anaweza kumpa binti jiwe hilo mkononi na kumwambia: jiwe hili ni la baadaye sana, lakini maji unayokunywa yana hidrojeni ya siku ile.

Mwezi wa kwanza, mvua ikipumzika, tafuteni usiku usio na mbalamwezi. Saa moja na nusu za usiku nendeni mahali ambapo ziwa linaonekana na taa ni chache, baba au kaka mkubwa awe pamoja nanyi. Zimeni simu, kaeni dakika 20 macho yazoee giza. Geukeni kusini, juu ya maji: mtaona mabaka mawili hafifu kama moshi usiosogea. La kushoto ni Wingu Kubwa la Magellan, la kulia na dogo zaidi ndilo la Leavitt. Kisha geukeni kaskazini. Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, kitakuwa juu, si mbali na utosi. Shukeni kutoka hapo mkielekea kushoto, hadi chini kidogo ya nusu ya anga, kushoto kwa Nyiragongo na juu sana kuliko wekundu wake. Kuna ukungu mdogo wa mviringo uliolala ubavu. Asiuangalie moja kwa moja, aangalie pembeni yake kidogo, utaonekana vizuri zaidi. Hiyo ni Andromeda, na nuru yake imekuwa njiani miaka milioni 2.5. Watu wa kaskazini ya mbali hawawezi kuona mawingu yale ya kusini, na watu wa kusini ya mbali hawaioni Andromeda. Sisi wa Goma, karibu na ikweta, tunaona zote kwa kugeuka tu. Ukungu mwingi ukiwazuia usiku wa kwanza, rudini kesho yake, kabla mwezi haujaanza kukua.